Bodi Mpya, Diski Ileile

Nimeifunga mkanda kwenye kiti cha nyuma cha teksi
kama mgonjwa asiyetaka kupelekwa hospitali,
kompyuta ya Muhenna, Allah amrehemu.
Ruwi, saa nne asubuhi, na lami imeshaanza kunuka.

Ilianza kuugua Shaabani. Ikawa inazima yenyewe
katikati ya ua, sindano ingali ndani ya kitambaa.
Azza, mtoto wa dada yangu, akaifungua, akamulika kwa simu:
"Mama mdogo, tazama vijipipa hivi."
Vimefura vichwa
kama maandazi yaliyozidi hamira.

Maduka matatu yaliniambia, nunua mpya.
Mpya! Na programu ya kudarizi je,
aliyoilipia riali mia nne na ishirini
mwaka ule tuliokula wali na kachumbari siku nenda siku rudi?
Waliyoitengeneza hawapo tena. Simu yao inalia, inalia.
Na humo mna michoro ya kofia mia mbili na kumi na moja,
ambayo Muhenna aliipa majina anayoyajua mwenyewe:
Mlango wa Bibi. Usinune. Jumatano.

Shaji ana chumba kimoja, hapana pa kuweka mguu.
Anasema nami Kiarabu cha sokoni, namjibu kilekile,
Azza anatucheka sote kwa Kiswahili.
"Kwanza nakala," anasema. "Bisibisi baadaye."
Diski nzima ikamiminwa ndani ya nyingine, tone kwa tone,
saa mbili na nusu, chai ya maziwa vikombe vitatu.
Kisha akafuta viendeshi vya bodi ya zamani:
usimwache bawabu wa zamani mlangoni,
atamzuia bwana mpya asiingie kwake.

Ikatoka bodi. Ikatoka prosesa, ndogo kuliko biskuti.
Akapaka dawa nyeupe mgongoni mwa ile mpya,
kiasi cha punje ya mchele.
Likabaki boksi, na alama ya hina ya kidole changu ubavuni,
ikabaki diski, haijui lililoipata.

Washa.
Giza.
Washa tena.
Ikaamka kama mtu aliyelala nyumba ya watu,
ikapapasa kuta, ikahesabu madirisha,
na programu ikaandika, bila hata salamu:
*Mashine hii siitambui.*

Nikacheka. Shaji hakucheka.
Nilikuwa na miaka sita, nimeshika buibui la mama
mbele ya meza ya karani, hapahapa Maskati.
Jina la baba. La babu. Kabila. Kijiji.
Mama alijibu kwa Kiarabu cha Juzuu Amma
chenye irabu za Mlandege,
na karani akashikilia muhuri hewani
muda mrefu, mrefu mno kwa mkono wa mtu mmoja.

"Kijiti," akasema Shaji. "Leseni iko kwenye kijiti,
nacho kinataka tundu pana, la printa za zamani.
Bodi za siku hizi hazina."
Akavuta droo, akavuta nyingine, akaingia chini ya meza,
akatoka na kadi yenye vumbi
na lile tundu, pana kama mdomo wa chewa.
Riali tatu. Ningempa thelathini.

Jumatano ikafunguka.
Uzi wa samawati, wa kahawia, nyota nane, hakuna kilichopotea.

Ila zamani mchoro mmoja ulichukua dakika tano kufunguka,
na Muhenna alikuwa hawezi kunyamaza dakika tano.
Ndipo nilipojua habari za shangazi yake wa Ibra, punda wa jirani,
deni alilonificha.
Sasa nabonyeza, na ua limeshajaa kwenye kioo
kabla sijageuka kuangalia kiti chake.